Kati ya Ndovu na Tembo: Kwa Baiskeli Kutoka Likoni Hadi Vilima vya Shimba

Fundi wa baiskeli mwenye kibanda karibu na kivuko cha Likoni aliizunguka ile baiskeli mara mbili kabla ya kusema neno. Akaibonyeza tairi kwa dole gumba. Akaupapasa usukani uliopinda chini kama pembe za beberu. Kisha akainama kutazama nyuma ya kiti, mahali ambapo kila baiskeli aliyopata kuitengeneza ina kerieri ya chuma, akakuta patupu.

"Hii yabeba nini, kaka?"

Nikamwambia haibebi kitu, yanibeba mimi tu. Nilikuwa nimeiazima kwa wiki moja, na nia yangu ilikuwa kuipandisha Kwale kwa njia za vumbi, huko yasikopita magari. Akacheka kwa adabu, akanitilia upepo, na nilipotia mkono mfukoni akaukataa. "Ukirudi salama utanilipa." Sikujua kama ule ulikuwa ukarimu au dua.

Wenye mchezo huo huziita baiskeli za changarawe. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya mashindano ya lami, ila tairi zake ni nene, aghalabu kati ya milimita 38 na 45, na gia zake ni nyepesi kiasi cha kumwezesha mtu kupanda mlima akiwa ameketi kitini. Mchezo wenyewe ulikulia Marekani, katika barabara za mashambani za majimbo kama Kansas, na mwaka 2022 ukapata mashindano yake ya kwanza ya dunia, nchini Italia. Kenya haikukaa nyuma. Mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalianza kukata vumbi la Maasai Mara, na timu ya Amani ikawatoa Wakenya na Waganda kwenda kushindana ng'ambo. Nahodha wake, Suleiman Kangangi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sule, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Hadi leo waendesha baiskeli wa Nairobi na Iten wakitaja changarawe, jina lake huja pamoja nayo.

Pwani, habari hizo husikika kwa mbali. Mombasa ina waendesha baiskeli wengi kuliko inavyodhaniwa, lakini wengi wao wako kazini: wauza maji wenye mitungi minne ya lita 20, wauza mikate wa alfajiri, wachukuzi wa makuti, wa madafu, wa makaa, na wale wa mnazi ambao tutakutana nao mbele. Kuendesha kwa raha ni jambo jingine, na kikwazo chake kila mtu anakijua. Ni matatu, tuktuk, bodaboda na malori, yote yakigombea lami moja.

Kule Ulaya kuna njia iitwayo Vennbahn, reli ya zamani ya kilomita zipatazo 125 itokayo Aachen, Ujerumani, ikapita Ubelgiji hadi kaskazini mwa Luxembourg. Gari moshi lilipoacha kupita, serikali zikaitengeneza kwa ajili ya baiskeli, na magari yakakatazwa. Katika bara la Mombasa hakuna aliyewahi kumfungia barabara mpanda baiskeli. Ukiona njia haina magari, jua kuna kitu kingine kilichoyazuia, na mara nyingi kitu hicho hakikuwekwa kwa faida yako. Kwa wiki nzima ile nilikuwa nikijiuliza kila nilipopata njia tulivu: hapa ni nani aliyeyafukuza magari?

Changamwe hapakuwa na la kuuliza. Siku ya kwanza nilivuka Makupa saa moja asubuhi, na kufikia saa mbili nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Malori ya makontena yatokayo bandarini huchukua pumzi yote ya barabara, na mwendesha baiskeli hubakiwa na ukingo wa shubiri moja, wenye mchanga, vioo na moshi. Nilichopata cha maana ni mwisho wake. Kuanzia Miritini kuna barabara mpya ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 2024, ambayo kwa mara ya kwanza imeunganisha upande wa Changamwe na upande wa Likoni bila kupitia kisiwani wala kivukoni. Daraja lake la Mteza lina urefu wa mita 1,440. Magari hapo huenda mbio, sikushauri mtu kwenda kujifurahisha. Lakini nilisimama kando kidogo kutazama mikoko iliyosimama katika maji yanayokupwa na kujaa, na nyuma yake, upande wa kusini-magharibi, mstari wa buluu usio mrefu wala mkali. Hiyo ndiyo Shimba.

Kisauni kuna mambo yake.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoko huko kilianza kuzalisha mwaka 1954, na jiwe lake lilikuwa ni matumbawe ya kale, yale yale tunayojengea nyumba na kuchimbia visima. Kila lilipochimbwa likaacha shimo jeupe lisilo na udongo, jua likipiga chini na kurudi juu, na maji ya chumvi yakiwa karibu chini yake. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alijaribu kupanda miti katika jangwa hilo. Alianza na aina 26. Zilizodumu ni tatu: mnazi, mti utokao Somalia uitwao damas, na mvinje.

Mvinje ndio uliofanya maajabu, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta nitrojeni kutoka hewani, na chumvi haiutishi. Hata hivyo ukaleta shida yake. Majani yake membamba kama sindano yalidondoka, yakalala chini, yasioze. Miti ikasimama juu ya zulia kavu, na msitu ukagoma kuwa msitu. Dawa ilipatikana kwa jongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu ambao watoto wa Pwani huwagusa kwa kijiti ili wajikunje. Walikuwa wakila zile sindano. Wakakusanywa, wakaachiliwa machimboni kwa wingi, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Watu huisimulia kazi hii kana kwamba ni ya Haller peke yake, na mimi ningependa jongoo naye apewe cheti.

Sehemu moja ya machimbo hayo ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1984 na leo inaitwa Haller Park. Hapo ndipo alipoletwa kiboko mchanga Owen, aliyenusurika baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee aitwaye Mzee hadi picha zao zikaenea duniani. Sehemu nyingine, kando ya barabara ya Malindi, ikakatwa vijia vya kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli.

Niliingia huko asubuhi ya pili. Unalipa kiingilio, unashuka mteremko, na baada ya mapinduko machache honi za Bamburi zinazama kama redio iliyofungiwa chumbani. Chini ni sindano za mvinje tupu, laini, zenye rangi ya tumbaku. Tairi hupita juu yake bila sauti. Upepo ukivuma juu, mivinje hutoa ule mvumo wake unaofanana na bahari, na kwa kuwa bahari yenyewe iko karibu, sikio hushindwa kujua ni ipi inayosema. Kima walinitazama kutoka matawini bila haraka. Nilizunguka mara tatu, na kwa kipindi kizima nilikutana na wazee wawili wenye raba nyeupe waliokuwa wakitembea kwa amri ya daktari, kama walivyoniambia wenyewe, na mama mmoja aliyekuwa akimfundisha bintiye kuendesha.

Milima hakuna. Kupanda kwako ni kule kutoka shimoni tu. Na ukiuliza swali langu, jibu ni jepesi: kilichoyazuia magari ni ukuta wa kampuni. Mchimbaji alilitafuna jiwe kwanza, ndipo kivuli kikaja. Mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Amsons ya Tanzania, kwa hiyo mwenye funguo leo ni mwingine.

Anayetaka vilima ndani ya Kisauni aelekee bara zaidi, nyuma ya Kiembeni, ambako majina yenyewe yanamwambia. Nguu, katika Kiswahili cha wazee, ni kilele cha mlima. Ndiyo asili ya Nguu Tatu, na ndiyo asili ya Nguuni, ile hifadhi ndogo yenye mikoma, mbuni, pofu na twiga. Njia za hapo ni za udongo mwekundu zikipanda na kushuka baina ya nyumba mpya na mashamba ya zamani. Magari yapo machache, bodaboda ni nyingi, na watoto wa chuoni, vitabu vyao kwapani, walinikimbiza mteremko mzima wakinihesabia, "moja, mbili, tatu," nisijue wanahesabu nini. Kila mwaka nyumba zinaongezeka. Nilifurahi kupaona mapema.

Hayo yote yalikuwa ya kupasha misuli. Siku ya tatu nilivuka Likoni.

Kivuko hiki, kwa hesabu za wenyewe, huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Mwenda kwa miguu halipi, na mwenye baiskeli huikokota pamoja na umati, akichunga pedali isimkwaruze mtu muundi. Pantoni ya saa kumi na moja alfajiri ina adabu yake: watu wamesimama kimya, wengi wamesinzia wima, na harufu ya mahamri inatoka kwenye mfuko wa mtu usiyemwona. Upande wa ndani wa ghuba ni Mtongwe, ambako tarehe 29 Aprili 1994 pantoni ilipinduka wakafa watu 272. Wazee wa Likoni wakivuka wengi wao hawaongei mpaka mlango uguse nchi kavu.

Kutoka kwa fundi nilifuata barabara kuu ya Lunga Lunga kabla jua halijachomoza. Shika Adabu, Ng'ombeni, Matuga, Waa: majina yanapita upesi asubuhi, na lami ikiwa bado baridi haina ubaya. Bara ya barabara hii kuna Kaya Bombo, moja ya misitu mitakatifu ya Wadigo. Agosti 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, vijana waliokula kiapo na kufunzwa humo walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na wiki zilizofuata zilimwaga damu na kuwahamisha maelfu kutoka majumbani mwao. Nataja hili kwa sababu mgeni mwenye baiskeli huuona msitu akawaza kivuli na ndege. Mwenyeji wa umri fulani akiuona msitu uleule huwa na mengine ya kukumbuka, na haifai kumwuliza ukiwa bado unahema.

Kombani unakunja kulia, na hapo Shimba inaanza.

Kutoka pwani hadi mji wa Kwale unapanda karibu mita 400, sehemu kubwa ikiwa katika kilomita za mwisho kupitia Golini. Lami ipo, na hupanda kwa vizingo. Lakini baina ya vizingo kuna vijia vya mashambani vinavyokata moja kwa moja chini ya minazi na mikorosho, na kijana mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi malishoni alinionyesha cha kwanza. Vingine nikavitafuta mwenyewe, viwili kati ya hivyo vikaishia uani kwa watu. Nikaomba radhi, nikapewa maji, nikageuza.

Ukipanda hivyo utaisoma nchi kwa rangi ya vumbi. Chini ni jeupe, unga wa matumbawe. Ukiacha uwanda wa pwani linageuka jekundu la kutu, na soksi zako hazitarudi kuwa nyeupe tena. Huo ni mchanga ambao wanajiolojia huuita wa Magarini. Karibu na juu unakuwa na chembe kubwa za kijivu na manjano zinazokwaruza tairi. Hilo ni jiwe la mchanga la Shimba lenyewe, la kale mno kuliko hayo mengine, na kwa kuwa ni gumu ndilo lililobaki limesimama pwani yote ilipolala.

Katikati ya mlima, pale ambapo kijia kilirudi kuikuta lami, nilisimama kuvuta pumzi. Ndipo wakapita. Walikuwa watatu, kila mmoja juu ya baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia, nyuma ikiwa na mitungi ya plastiki iliyofungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na mdomo wa kila mtungi umezibwa kwa kifundo cha makumbi ya nazi ili povu lipate pa kupumulia. Ulikuwa mnazi wa asubuhi, uliogemwa alfajiri, ukikimbizwa kwa wateja kabla haujawa mkali. Breki zao zilikuwa za vyuma, na mmoja alizisaidia kwa kukanyaga tairi la mbele kwa kandambili. Zile baiskeli pamoja na mzigo lazima zilifika uzito wa mtu mzima na zaidi. Yangu, fundi aliinyanyua kwa mkono mmoja.

Wa mwisho alisimama kunitazama. Akauliza niendako, nikamwambia. "Basi wewe wapanda bure," akasema, "mie nashuka na pesa." Akaenda zake.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji wa bara. Mombasa na Kwale, tembo ni kinywaji, ndicho hicho cha mitungini. Yule mnyama mwenye mkonga anaitwa ndovu. Mwandishi wa Nairobi au Dar es Salaam akiandika kwamba tembo wameonekana Golini wakiteremka mlima, msomaji wa Likoni atauliza lita ngapi. Nalisema hili kwa sababu njia nilizokuwa nikizipanda zimefunguliwa na hao wawili. Vijia vya chini ni vya wagema na wachukuzi wao, vimekatwa kwa hesabu ya mtu anayeshuka na mzigo usiopaswa kutikisika. Vya juu ni vya ndovu.

Kwale mjini kuna baridi nzuri inayomshangaza mtu wa Mombasa. Nilikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati mbili, nikajaza chupa, nikaifuata barabara ya Kinango. Nayo imepata lami, kwa hiyo haikunifaa. Niliiacha mapema nikaingia njia za udongo zinazoelekea Mwaluganje. Hizo ndizo nilizozijia. Upana wake wa kupita gari moja, changarawe ndogo iliyoshikana vizuri baada ya mvua za juma lililopita, mashamba ya mahindi na mihogo huku na huku, halafu kipande cha msitu, halafu mbuyu mmoja umesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Mteremko mkali, kijito cha kuvuka kwa mguu, mlima mkali. Kwa saa mbili nilipishana na pikipiki nne na punda. Gari, hakuna hata moja.

Ni nani aliyeyafukuza? Jibu nililipata dukani, kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipima unga, na alilijibu kabla sijamaliza swali.

"Ndovu, mwanangu. Na serikali."

Mwaluganje ni hifadhi iliyoundwa katika miaka ya 1990 kwa namna isiyo ya kawaida. Ndovu wa Shimba walikuwa na mapito yao ya kale kwenda msitu wa Mwaluganje ulio kaskazini, na katikati yake ni mashamba ya Wadigo na Waduruma. Kila msimu mahindi yalikanyagwa, na kila msimu watu na wanyama waliumizana. Hatimaye wenye ardhi wakakubali kuyaunganisha mashamba yao, wakaacha kuyalima, yakawa ya ndovu, kwa ahadi ya kugawana mapato ya watalii. Kikundi cha huko kikajifunza hata kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu, ambayo ni nyuzi za majani zilizokwisha kusagwa nusu. Lakini watalii ni watu wa hali ya hewa: uchaguzi ukichafuka au bomu likilipuka mahali, hawaji, na ndovu hula vilevile. Nao waliongezeka kupita uwezo wa msitu. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipanga kuwahamisha ndovu 400 kutoka Shimba kwenda Tsavo Mashariki, likaanza kuwabeba kwa malori, mmoja mmoja na familia kwa familia. Ajabu ni kwamba malori yaliweza kufika kwa ajili ya kazi hiyo.

Mama wa dukani aliyataka malori hayo yafike kwa ajili ya maembe pia. Nilipomsifia utulivu wa njia yake alinitazama kwa huruma. Mjamzito akishikwa usiku huku, alisema, hubebwa kwa pikipiki, na akina mama wenzake wanamshika huku na huku. Maembe na machungwa mnunuzi huyapangia bei apendayo kwa kuwa anajua hayatokwenda kokote. "Nyinyi mwalipenda vumbi letu kwa sababu jioni mwaondoka."

Sikuwa na la kujibu, na sina hadi sasa. Barabara ya lami ikifika dukani kwake, mimi nitakuwa nimepoteza njia nzuri kuliko zote nilizopata kuendesha baiskeli Pwani, na yeye atakuwa amepata haki yake. Akiuliza mtu ningepiga kura upande gani, nitapiga wake. Ila makofi sitapiga.

Akanipa onyo moja. Kufikia saa kumi na moja jioni niwe nimekwisha kurudi Kwale. "Saa hizo njia ni ya wenyewe."

Nilienda mbele kidogo, kwa ukaidi wa mtu aliyeambiwa asiende. Njia iliingia msituni, ikawa na kivuli, na hewa ikabadilika harufu. Kwenye pindo moja nikakuta mti wa ukubwa wa paja umelazwa barabarani, gamba limechunwa, utomvu bado unatiririka. Hatua chache mbele kulikuwa na mavi, marundo matatu, kila moja la ukubwa wa sufuria ya biriani ya arusi, na nzi walikuwa ndio kwanza wanawasili. Saa yangu ilisema saa nane mchana. Hao wenyewe pengine hawakuwa na saa. Niligeuza baiskeli kwa utulivu mkubwa, nikaikokota hatua kama ishirini nisipige kelele ya gia, kisha nikaikanyaga pedali kuliko nilivyowahi kuikanyaga. Sikumwona ndovu hata mmoja kwa siku hiyo yote, nami sikudai.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kulala Kwale, niliiacha baiskeli langoni nikaingia hifadhi ya Shimba kwa gari la watu walionihurumia. Mbele ya nyati na ndovu, magurudumu mawili ni mzaha. Shimba iliwekwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1903, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndipo mahali pekee nchini Kenya mtu anapoweza kumwona palahala porini, dume jeusi tii lenye pembe zilizorudi nyuma kama jambia mbili. Tulimwona mmoja, mbali, katika nyasi. Kisha askari wa KWS mwenye bunduki alitutembeza kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yakianguka zaidi ya mita 20 ndani ya bakuli la kijani. Njia ya kuteremka huko ni ya mawe, na nilijikuta, kwa tabia mbaya niliyokwisha kuipata, nikiitazama kwa macho ya tairi.

Maji ndiyo yaliyonishughulisha zaidi ya palahala. Mvua ikitoka baharini hugongana na vilima hivi, msitu huinywa, na jiwe la mchanga huitoa taratibu kwa chini. Chemchemi za Marere zilizo humo zimekuwa zikiinywesha Mombasa kwa bomba tangu zama za ukoloni. Yaani mtu wa Likoni anayenunua mtungi kwa muuza maji mwenye baiskeli huenda anakunywa Shimba bila kuijua. Ramani ya mabomba ingemtosha mpanda baiskeli kuwa ramani ya njia pia, maana bomba, kama mgema, hupenda kushuka kwa busara.

Kushuka kutoka Kwale ni dakika chache zinazolipa saa nyingi. Golini ilipita, minazi ikaanza tena, hewa ikawa nzito na yenye chumvi, na vumbi likarudi jekundu, halafu jeupe. Mikono iliniuma kwa kushika breki. Nilimkumbuka yule wa kandambili.

Kabla ya kuondoka Kwale nilikuwa nimenunua machungwa kumi sokoni, nisijue nitayaweka wapi. Muuzaji, bila kuulizwa, alichukua mfuko wa wavu, akaufunga chini ya kiti kwa ukanda wa tyubu kuukuu, mafundo mawili ya haraka, kama mtu aliyefunga mizigo maelfu. Yalifika Likoni yote, moja tu limepondeka.

Fundi alikuwa palepale, mikono imejaa grisi, baiskeli ya muuza maji imelazwa miguuni pake. Aliziangalia soksi zangu kwanza. Kisha akauona mfuko. Akaufungua ule ukanda wa mpira, akauvuta kuupima kama bado una nguvu, akauweka kando katika kopo lake la vipuri. Akachagua machungwa mawili, moja akampa mwenye mitungi.

"Malipo yamefika," akasema. Halafu akakigonga kiti changu kwa spana, pale nyuma palipo patupu. "Kerieri ninayo moja hapa, ya zamani lakini nzima. Nikufungie?"